Moto wa Maharagwe

Tambwe alishuka kwenye pikipiki kwa mguu mmoja, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umefungwa vitambaa mpaka ukafanana na kwanga kubwa la arusini, ule mkate wa muhogo unaofungwa majani. Hakusalimia. Alirukaruka hadi mlangoni pa karakana ya Yakubu, akafungua mfuko wa plastiki na kumwaga vipande vya chuma juu ya fuawe.

"Muzee Yakubu, hii ni nini?"

Yakubu alivitazama vile vipande bila kuvigusa. Alikuwa mhunzi, na Kasongo nzima ilimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni nyundo za konkaseri, yale mapande ya chuma yanayozunguka ndani ya mashine na kuponda mawe ya dhahabu kule Lusangi. La pili ni malalamiko. Nyundo alizitengeneza kwa resori, yaani springi, za malori yaliyokufa. Malalamiko aliyatengeneza kwa chochote kilichokuwa karibu.

"Hii ni nyundo," alisema.

"Ilikuwa nyundo! Jana njo ilikuwa nyundo. Leo nimewasha mashine, imepasuka kama sahani. Kipande kimetoboa bati, kikatoka kunitafuta mimi mwenye mali. Ningekuwa nimeinama, saa hii ungekuwa kwenye matanga yangu, unakula wali."

"Pole sana, ndugu yangu. Ni makaa."

"Makaa imefanya nini tena?"

"Makaa ya siku hizi iko na maji. Iko na maji kwa sababu inalala njiani. Inalala njiani kwa sababu barabara imekufa. Na barabara imekufa kwa sababu wale wanaokula pesa ya barabara hawajakufa. Sasa huo mguu wako, Tambwe, usiulete kwangu. Wapelekee wao."

Pembeni mwa tanuru, Mounira alikuwa akizungusha gurudumu la baiskeli lililoendesha feni ya moto. Alikohoa. Binti huyu hakuumwa kifua. Alikohoa hivyo kila alipotaka kumcheka baba yake bila kukosa adabu, na tangu mama yake afariki alikuwa anakohoa mara nyingi.

Tambwe aliketi juu ya gogo, akanyoosha mguu wake. Sauti yake ikashuka. Alisema si yake peke yake iliyopasuka. Wenzake wengi Lusangi wamepasukiwa mwaka huu. Wenye mashine wamekutana. Wamemwita teknisiani wa vyuma kutoka Bukavu, anaitwa Madame Chancelle, atakuja Kabambare kupima nyundo. Atapima za Yakubu, atapima na zile za kiwanda zinazoletwa kutoka Uvira. Zitakazoshinda, komite nzima itazinunua. Zitakazoshindwa, hakuna mtu atakayezigusa tena.

"Na hizo za Uvira anazileta nani?"

Tambwe alitazama paa. "Nourdine."

"Nourdine gani?"

"Kuna wangapi, Muzee? Shemeji yako."

Yakubu akachukua koleo, akairudisha palepale alipoitoa. Majembe yake hayanunuliwi tena tangu yalipoingia yale mepesi ya dukani. Mapanga vilevile. Kilichobaki kuitwa kazi mikononi mwake ni nyundo za Lusangi, na Lusangi ikimpa mgongo, karakana itageuka kuwa kibanda cha kufugia bata.

*

Nourdine mwenyewe alipiga simu jioni. Yakubu alikuwa na simu ambayo haisikiki mpaka uifungulie sauti yote, kwa hiyo majirani walisikia kila neno.

"Shemeji! Umelala salama, umeamka salama, umelalamika salama?"

"Sema shida yako."

"Shida yangu ni wewe, shemeji. Nimekufikiria. Hapa dukani Kabambare nimekosa sentinele wa kulinda usiku. Nimekununulia koti. Ya kijani! Iko na vifungo vyote. Utalala kwenye veranda, utakula kwa bibi yangu, na utalalamikia wateja bila mutu kukukataza."

"Mimi niliyeoa dada yako nikalale kwenye veranda yako na rungu?"

"Na tochi, shemeji. Usifikiri nitakunyima tochi."

Huo ulikuwa utani wa shemeji kwa shemeji, na wote wawili walijua kwamba ndani yake koti lilikuwa koti la kweli. Hilo ndilo lililomkaa Yakubu kooni. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Mtu akikuhurumia huku anacheka, utamshika wapi?

Mounira alikuwa akipepea mbabula, lile jiko dogo la makaa, cheche zikiruka. Alisubiri baba yake azime simu.

"Baba, tusiende na macho yamefungwa. Tupasue moja hapa nyumbani, tuone."

"Tupasue nini?"

"Nyundo moja. Tuipige mpaka tujue inafika wapi."

"Mutoto, wewe ukiivisha wali unaumwaga kwanza, uone kama unamwagika?"

"Hapana, Baba. Lakini naonja."

Yakubu akajifanya hakusikia. Kesho yake alichagua nyundo zake nzuri kuliko zote na akafanya jambo ambalo kwa akili yake lilikuwa la kumaliza ubishi. Alizirudisha motoni mpaka zikawa nyekundu kama pilipili, akazizamisha tena kwenye mafuta ya mawese ili ziwe ngumu zaidi. Mafuta yakafoka, moshi ukajaa karakana. Alipozitoa, alipitisha tupa juu ya moja, nayo ikateleza kama kwenye chupa.

"Hiyo ndiyo chuma," alisema. "Waje na Bukavu yao yote."

Mounira akakohoa.

*

Barabara ya Kabambare ni ile ambayo kila mwenye kutafuta kura huitengeneza kwa mdomo, akapita juu yake kwa ndege. Yakubu na binti yake waliipita juu ya pikipiki moja, nyundo zikiwa zimefungwa kwenye gunia nyuma yao. Kwenye kila mto wa matope dereva aliwashusha watembee, na gunia likabaki limepanda. Walifika duka la Nourdine wakiwa na rangi moja na njia.

Nyuma ya duka watu walikuwa wamejaa: wenye mashine kutoka Lusangi, wauza mihogo, na wale ambao hawana konkaseri wala nyundo lakini hawapendi kitu kitokee bila wao. Katikati zilisimama nguzo tatu zilizofungwa pamoja juu, na kamba iliyopita kwenye kapi. Kwenye ncha ya kamba lilining'inia pande la ekseli ya lori.

Msichana mmoja mwenye suruali na viatu vya kazi alikuwa akikaza fundo. Yakubu alimwendea kwa heshima ya mgeni.

"Mama, mwite mukubwa wako. Mwambie Yakubu wa Kasongo amefika."

"Mukubwa njo mimi, Baba. Mimi njo Chancelle. Karibu. Pole kwa njia."

Yakubu alikuwa amejiandaa kugombana na mwanaume mwenye tumbo na tai. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakakosa pa kukaa.

Walianza na tupa. Chancelle alichukua nyundo ya kiwanda, yenye rangi ya buluu inayong'aa, akapitisha tupa mara chache. Unga wa chuma ukamwagika kama unga wa mihogo.

"Ni rangi inatoka," Nourdine alisema upesi. Alikuwa mnene, mwenye kofia nyeupe na uso uliozoea kucheka. "Rangi tu."

"Rangi imetoka zamani, Baba Nourdine. Sasa inatoka nyundo."

Watu wakacheka. Akachukua nyundo ya Yakubu. Tupa ikalia juu yake, ikateleza, haikuacha hata mkwaruzo. Chancelle akaangalia tena, akarudia kwenye kona. Hakuna kitu. Yakubu akavuta pumzi mpaka shati likamtosha.

"Shemeji," aliita, "lete ile koti. Nitakuvalisha wewe, ulinde hizo sabuni zako zisinyeshewe na mvua."

Nourdine akacheka kuliko wote, maana utani mzuri ni mzuri hata ukikupata wewe.

"Baba Yakubu," Chancelle alisema, "ugumu ni jambo moja. Tuone sasa kama inavumilia."

"Kilicho kigumu si ndiyo kinavumilia?"

"Tuone."

Akailaza nyundo ya Nourdine juu ya vyuma viwili, katikati pakiwa wazi. Wanaume wawili wakavuta kamba, ekseli ikapanda hadi kifuani pa mtu, ikaachiwa. Nyundo ya buluu ikapinda kama ndizi. Watu wakasema "Yoo!" kwa pamoja. Akailaza ya Yakubu. Ekseli ikapanda palepale, ikaachiwa.

Sauti iliyotoka haikuwa ya chuma. Ilikuwa kama ya chungu kilichodondoka. Nyundo ikalala vipande vitatu mchangani, na sehemu ya mpasuko ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe kama sukari.

Nourdine hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Yakubu kuliko mpasuko wenyewe.

"Hizo nguzo zimekaa upande," Yakubu alisema. "Na hii ardhi ya Kabambare haiko sawa, hata waliokuja kupima viwanja walikula pesa wakaondoka. Lete nyingine."

Chancelle akaweka nyingine. Ikapasuka. Akasogeza nguzo kama mzee alivyotaka, akaweka ya tatu. Ikapasuka vilevile.

"Basi ni resori za siku hizi," alisema Yakubu, sauti imepungua. "Zinatoka mbali, hazina nyama. Mpakani hakuna anayeangalia, wanaangalia mifuko yao tu."

*

Tambwe ndiye aliyeleta jambo lililofuata, na hakulileta kwa wema. Alilileta kwa sababu mguu ulimuuma na alitaka kujua ni nani wa kumkasirikia. Alimtuma dereva wake afungue sanduku la pikipiki, akatoa nyundo nzee, iliyolika pembe zote mpaka ikafanana na kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi.

"Madame, pima na hii. Imezunguka kwenye mashine yangu hata sijui tangu lini. Zingine zilizokuja nyuma yake zote zimekufa, yenyewe inaniangalia tu."

Chancelle akailaza. Ekseli ikaanguka. Nyundo ikaruka juu kama mbuzi, ikatua nzima. Akaamuru ekseli ipandishwe hadi kichwani pa mtu. Ikaanguka tena. Nyundo ikalia, mlio mrefu na safi. Ikabaki nzima.

"Hii amefanya nani?"

Akaigeuza. Chini palikuwa na alama ya tao na nukta. Watu wote wa Lusangi waliijua alama hiyo.

"Ni yangu," Yakubu alisema, kana kwamba anakiri wizi.

"Uliitengeneza kwa chuma gani?"

"Resori. Ile ile."

"Mafuta?"

"Mawese. Ile ile. Mukono, ule ule. Unafikiri nimebadilisha mukono?"

Chancelle alichuchumaa mbele yake, kama mtu anayemuuliza mgonjwa alikula nini jana.

"Baba, nisikilize kidogo. Chuma ikitoka motoni na kuzamishwa kwenye mafuta, inakuwa ngumu sana, lakini ndani imejikaza. Iko kama kioo. Ukiigonga, inapasuka. Viwandani wanairudisha kwenye moto mdogo, mdogo kabisa, saa nyingi, mpaka ilegee kidogo ndani. Inapoteza ugumu kidogo, inapata uvumilivu. Hii nyundo nzee imepita kwenye huo moto. Hizi mpya hazijapita. Zamani, ukishazitoa kwenye mafuta, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naenda kuswali."

"Na nyundo?"

"Zinabaki pale."

"Hazikubaki," Mounira alisema.

Vichwa vyote vikamgeukia. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, ameshika ncha ya kitenge.

"Mama alikuwa anakuja kuzichukua, Baba. Ukienda kuswali. Alikuwa anazifukia jikoni, ndani ya majivu ya moto, chini ya chungu ya maharagi. Asubuhi njo anazitoa."

"Hiyo ilikuwa mambo ya maharagi!" Yakubu akapandwa na hasira. "Alisema chuma inashika joto, kuni haiishi haraka, maharagi inaiva yenyewe. Mimi niligombana naye juu ya hiyo! Kila asubuhi napangusa majivu kwenye nyundo zangu, zingine ziko na supu!"

"Iliwaka namna gani ile moto?" Chancelle aliuliza, na sasa macho yake yalikuwa kwa Mounira peke yake.

"Haikuwaka, Madame. Ilikuwa inalala tu. Mama hakupenda maharagi ichemke sana, inapasuka ngozi. Na nyundo alisema zikitoka kwenye mafuta ziko na hasira. Alisema hata mutu ukimwacha alale na hasira, asubuhi anavunja kitu."

Chancelle akatabasamu, akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa anajua?"

Mwenye jibu alikuwa makaburini Kasongo, na kwa miaka yote aliyokuwa hai hakuna aliyemuuliza kitu kuhusu nyundo, isipokuwa lini atatoa majivu yake.

"Na sasa zinalala wapi?" Chancelle aliuliza.

"Jiko limefungwa tangu arobaini ya Mama," Mounira alisema. "Tunapikia mbabula."

"Mulango umeharibika," Yakubu alisema.

"Mulango ni muzima, Baba."

Nourdine alivua kofia yake, akaiweka usoni, mabega yakatikisika. Watu walidhani analia, na huenda kweli alianza hivyo, lakini alipoitoa alikuwa anacheka na macho yamelowa.

"Dada yangu Djamila! Shemeji, tumegombana mimi na wewe bure. Mimi nimeleta kiwanda, wewe umeleta karakana, na wote wawili tumepigwa na chungu ya maharagi."

Tambwe hakuona cha kuchekesha. Alitaka komite ipewe jibu. Chancelle akasema jibu ni kwamba za Nourdine zimeshindwa kwa ulaini na za Yakubu zimeshindwa kwa ugumu. Lakini yeye atarudi kupitia Kasongo akielekea Kindu. Mzee atengeneze nyundo mpya, zilale jikoni kama zamani. Atachagua moja mwenyewe na kuiangushia chuma. Ikivumilia, komite inunue. Ikipasuka, wamalize maneno.

"Usibadilishe kitu," alimwambia Mounira. "Kuni ile ile, majivu yale yale. Na chungu ikae juu. Ile chungu inazuia moto usipande."

"Na maharagi ndani?"

"Na maharagi ndani."

"Koti naiweka," Nourdine alimwambia Yakubu walipoagana. Safari hii alisema polepole. "Sitaivalisha mutu mwingine mpaka nisikie."

*

Kufuli la jiko lilikuwa limeshika kutu. Yakubu, ambaye angeweza kulivunja kwa pigo moja, alikaa nalo muda mrefu akilipaka mafuta kwa unyoya wa kuku, akilibembeleza kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Mounira alisimama nyuma yake na kuni kichwani, hakumharakisha.

Mlango ulipofunguka ilitoka harufu ya masizi baridi. Mafiga matatu yalikuwa palepale. Mwiko ulikuwa umechomekwa ukutani kwenye nyasi. Buibui walikuwa wamejenga kwa amani, bila kulipa takse wala kodi kwa mtu.

Yakubu alisimama kizingitini. Djamila aliugua hapa, akaanguka hapa, akapelekwa hospitali kwa machela ya tipoi kwa sababu gari la wagonjwa siku hiyo lilikuwa limebeba mbao za mkubwa fulani. Walikofika, mwenye ufunguo wa dawa alikuwa ameenda mkutanoni. Hayo yalikuwa ya wakubwa, na mtu asiwaondolee hata tone. Yatabaki kwenye shingo zao mpaka siku ya hesabu. Yakubu alikuwa ameyarudia kila siku mpaka yakawa kama nyundo nyingine mkononi, akawa anapiga nayo kila kitu: makaa, barabara, resori, mpaka. Lakini kufuli hili hakulifunga mkubwa yeyote. Alilinunua yeye sokoni, akalifunga mwenyewe, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Baba, ingia. Au tupikie hapo mulangoni?"

Akaingia. Alipiga magoti mbele ya mafiga, akapanga kuni, akawasha, kisha akavuta pumzi na kupuliza kama anavyofanya tanuruni. Majivu ya mwaka mzima yakapaa, yakamrudia usoni. Alipofumbua macho alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi ndevu, na Mounira hakuweza hata kukohoa. Alicheka waziwazi, ameshika ukuta.

"Hapa si karakana, Baba! Hii moto haigombanishwi. Toka nikuonyeshe."

Akamwonyesha. Kuni kubwa nyuma, ndogo mbele. Subiri zianguke zenyewe. Vuta makaa kando, tandika majivu, laza nyundo zisigusane, funika kwa majivu tena kama unavyofunika mtoto. Chungu juu. Yakubu, aliyekuwa akimwamrisha binti huyu azungushe gurudumu haraka, sasa aliambiwa aketi na asiguse kitu. Kila alipoona moto unalala, mkono wake ulienda wenyewe kwenye kuni.

"Acha, Baba."

"Inazimika."

"Haizimiki. Inalala."

"Kama zikipasuka tena..."

Wote wawili walikuwa wanaliona lile koti la kijani lenye vifungo vyote.

*

Chancelle alifika asubuhi, Tambwe nyuma yake akiwa na fimbo, na nyuma ya Tambwe, bila kualikwa, Nourdine. Nguzo tatu zikasimamishwa uani. Majirani walikuja wenyewe.

Mounira alizifukua nyundo mbele yao. Chancelle akachagua moja, si ya juu wala ya kwanza, akasugua upande mmoja kwa mchanga mpaka ukang'aa. Chini ya masizi chuma kilikuwa kimeshika rangi ya ganda la biringanya.

"Hii rangi naijua," Chancelle alisema. "Hii ni rangi nzuri."

Akapitisha tupa. Safari hii haikuteleza kabisa. Iliacha mkwaruzo mdogo. Yakubu akashtuka.

"Imelegea!"

"Imelegea kidogo, Baba. Njo tulitaka."

Ekseli ikapanda hadi kifuani. Yakubu akageuza uso, akaanza kuangalia bata wa jirani kwa makini sana. Ikaanguka. Akasikia mlio mrefu na safi. Hakugeuka.

"Iko nzima," Mounira alisema.

Ikapanda hadi kichwani. Ikaanguka. Nyundo ikaruka, ikatua. Tambwe mwenyewe akaomba ipandishwe mpaka kamba iishe, kwa sababu mguu ni wake. Walipoiachia, vile vyuma viwili vya chini vilizama ardhini, na nyundo ikapinda kidogo, upana wa ukucha, bila ufa.

Tambwe akaiokota, akaizungusha mkononi, akaitazama kwa jicho moja.

"Tunachukua," alisema. "Za mashine zote. Lakini Lusangi hatutasema nyundo za Yakubu. Watu tayari wanasema nyundo za jikoni."

Majirani wakaangua kicheko.

"Na kuna sharti," Chancelle alisema. "Kila mara ukitoa nyundo jikoni, moja uiangushie chuma kabla ya kuziuza."

"Kila mara? Nipige mali yangu?"

"Ikipasuka, umepoteza nyundo moja. Usipoipima, Tambwe anapoteza mguu wa pili."

Yakubu akafikiri. "Sawa. Lakini ile ekseli ungeiacha hapa, Madame. Siku wanatangaza wakubwa wapya tuwapitishe chini yake mmoja mmoja, kabla ya kuwapa ofisi."

Hata Tambwe alicheka. Nourdine akasema yeye atarudi Kabambare akalinde duka lake mwenyewe, na kwa kuwa koti lilimbana tumbo, afadhali alilalie tu kama tandiko.

Wageni walipoondoka, Mounira aliepua chungu. Alipakua maharagwe kwenye sahani ya bati, akamwekea baba yake pale pale jikoni, kwenye kigoda cha mama yake, maana hapakuwa na kingine. Kisha akasimama na kusubiri. Katika ndoa yake yote, Yakubu hakuwahi kula maharagwe ya jiko hili bila kusema kwamba chumvi haitoshi, na Djamila hakuwahi kukosa kumjibu kwamba chumvi imeliwa na serikali.

Yakubu akala kijiko. Akala cha pili, polepole, akiangalia majivu.

"Chumvi je, Baba?"

"Iko sawa," alisema. "Iko sawa kabisa." Akasogeza sahani aongezewe.

Mounira akachovya kidole kwenye chungu, akaonja. Kwa ile hofu ya jana, hakuwa ametia chumvi hata chembe.